Minada mitatu inafungwa mwisho wa wiki: Technics, Sony ya V-FET na spika za Advent. Niweke dau wapi?

SanturiZaMamaMdogo

Wakuu, habari zenu.

Mama mdogo amenipa santuri zake zote, masanduku kwa masanduku, nyingi bado ziko kwenye mifuko yake ya karatasi na hazina mikwaruzo. Kitu cha kuzipigia sina. Vifaa vipya vya kiwango ninachokitaka viko juu ya uwezo wangu, kwa hiyo nimegeukia vilivyotumika, kwenye minada ya mtandaoni. Sasa hivi nafuatilia vitatu.

Cha kwanza ni mashine ya santuri, Technics SL-1200MK2. Picha chache, maelezo mstari mmoja: "Ilikuwa ya baba, mimi sijui kuitumia, inawaka na sahani inazunguka." Sindano haionekani kwenye picha yoyote.

Cha pili ni amplifaya, Sony TA-5650, muuzaji yuko Japani. Picha zake zinavutia sana, uso wa alumini unang'aa, na ameandika kwamba imesafishwa na inatoa sauti pande zote mbili. Nyuma kuna maandishi 100 V. Umeme wa nyumbani kwangu ni volti 230.

Cha tatu ni jozi ya spika za Advent, zile kubwa za mwanzo. Anasema ni za asili kabisa, hazijawahi kuguswa na fundi. Kwenye picha zote vitambaa vya mbele havijavuliwa.

Nimeshashindwa minada kadhaa kwa mtindo uleule: naongoza siku nzima, halafu sekunde za mwisho anatokea mtu na kunipita. Naomba mnisaidie mambo mawili. Kati ya hivi vitatu kipi kinastahili dau, na nimuulize nini muuzaji kabla sijaliweka? Na je, hao wa sekunde za mwisho wanafanyaje?

FundiRisasi

Mkuu, hongera kwa santuri, na mshukuru sana mama mdogo. Mimi kazi yangu ni kutengeneza redio na amplifaya, na vifaa vingi vinavyofika mezani kwangu vimetoka mnadani. Nitakueleza ninavyochagua mimi, na siku zote sianzii kwenye bei wala jina.

Ninaanza kwa kujiuliza: hiki kikifika kimekufa, kipuri kipo? Vifaa vya miaka ya sabini vyote vina ubovu fulani, uwe umeshajitokeza au bado. Upo ubovu wa kubadilisha kapasita (kipuri kidogo cha kuhifadhi umeme), mkanda au balbu, kazi ya jioni moja. Na upo ubovu ambao ukitokea, kifaa kinabaki pambo la kabati. Wanaoshindana mnadani wengi hutazama uso wa mbele tu, kwa hiyo unaweza kukuta kifaa kisichotengenezeka kinapanda kuliko kinachotengenezeka. Hapo ndipo pa kuchungulia.

Kwa kipimo hicho, Sony ndiyo ya kuogopa. TA-5650 ni ya katikati ya miaka ya 1970, na transista zake za kutolea nguvu ni V-FET, aina ambayo Sony na Yamaha waliitumia kwa miaka michache kisha wakaiacha. Sauti yake naipenda, na ninawaelewa wanaoitafuta. Lakini zile 2SK60 na 2SJ18 zilizomo ndani hazitengenezwi tena, na huwezi kuchomeka transista ya kawaida mahali pake. V-FET kwa asili yake iko wazi, inapitisha umeme mpaka izuiwe, kwa hiyo mzunguko mzima umejengwa kwa ajili ya kuizuia. Humo ndani kuna diodi ndogo za kusimamia bayasi, yaani umeme wa kuizuia, nazo huzeeka, na zikifa huondoka na V-FET zenyewe. Ukikuta V-FET "mpya" zinauzwa kwa bei ya kutupa, tegemea kwamba ni transista nyingine iliyofutwa maandishi na kuchapwa upya. Muuzaji anayesema inatoa sauti pande zote mbili huenda anasema kweli tupu. Ni kweli ya siku ile aliyoiwasha.

Halafu hiyo 100 V. Ukiichomeka kwenye 230 umeimaliza. Lazima uwe na transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa nyuma ya kifaa, na gharama yake iingie kwenye hesabu yako kabla ya dau. Vifaa vya soko la Japani vingi havina swichi ya kuchagua volti, ingawa ndugu zake waliouzwa nje wanayo, basi usikisie kwa kutazama picha za toleo jingine. Omba picha ya bati la nyuma la kifaa hichohicho.

Na kwa kuwa umetaja Japani, niongeze jambo kwa wengine wanaosoma hapa. Mashariki ya nchi ile umeme ni 50 Hz (mapigo 50 kwa sekunde), magharibi 60 Hz, kwa sababu mwishoni mwa karne ya 19 Tokyo ilinunua jenereta za Ujerumani na Osaka ikanunua za Marekani. Amplifaya za huko zimeundwa kuvumilia zote mbili. Mashine ya santuri ya mkanda ambayo mota yake inafuata mapigo ya umeme ni habari nyingine: iliyowekewa puli ya 60 Hz ukiipeleka kwenye 50 Hz, santuri ya mizunguko 33⅓ inazunguka chini kidogo ya 28 kwa dakika, na muziki wote unashuka karibu nusutoni tatu. Kuna puli za kubadilisha, lakini si kila mashine, na muuzaji mara nyingi hajui kama puli ya pili ipo au ilipotea.

Technics yako haina shida hiyo. Mota iko moja kwa moja chini ya sahani na kasi yake inashikwa na fuwele ya kwatzi, haijali ukutani kuna Hz ngapi. SL-1200 ya kwanza ilitoka 1972, hii MK2 ikaja 1979, ikaendelea kutengenezwa miaka mingi kwa umbo lilelile. Uzalishaji ulisimama 2010, jina likarudishwa 2016. Maana yake kwako ni moja: vipuri vipo, vya asili na vya kuiga, na mafundi wanaoijua wapo kila mahali. Hata maelezo yale mafupi hayanitishi. Mtu aliyesema hajui kuitumia huenda kweli hajui, na wewe unaweza kumwongoza akupimie.

Mwombe video, si picha. Aiwashe, asogeze kile kitelezi cha kasi hadi kikwame chenyewe katikati, na taa ya kijani iwake. Kisha aelekeze kamera kwenye nukta za ukingo wa sahani, palipo na mwanga mwekundu. Nukta kubwa zinatakiwa kusimama kana kwamba sahani haizunguki. Zikisimama, mota na fuwele vinafanya kazi, na hivyo ndivyo ghali. Baada ya hapo autazame mkono: asawazishe uzito wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe, auguse taratibu kwa kidole upande mmoja, tuone kama unarudi bila kukwama. Kama hajui kusawazisha, aushike karibu na shina na kuutikisa kidogo sana, aseme kama kuna kulegea. Bearingi za mkono zilizolegea au zilizogongwa ndizo zitakazonifanya niondoke. Sindano usiihesabu kabisa, panga kununua mpya hata akikuapia kwamba haijatumika. Nyaya za kutolea sauti zikikatika ni za kuunga tu kwa risasi.

Advent nitazirudia, mteja ananisubiri.

DauMoja

Nitajibu la sekunde za mwisho, maana Fundi yeye ni wa ndani ya boksi.

Mkuu, wanaokupita si wachawi, na wengi wao hata hawako macho muda ule. Kwenye eBay na mitandao mingine ya aina yake, ukiandika dau lako la juu mfumo haulitangazi. Unakupandishia kidogo kidogo, kiasi cha kumzidi aliye chini yako tu. Wewe ukiandika 150 na mwenzako ameishia 100, utalipa 100 na nyongeza ndogo, si 150. Mchumi William Vickrey aliandika mwaka 1961 kuhusu mnada ambao mshindi analipa bei ya aliyemfuata, na alionyesha kwamba katika mnada wa namna hiyo jambo la busara ni kuandika thamani yako ya kweli, mara moja, basi.

Sasa, kwa nini kusubiri mwisho? Kwa sababu wenzako hawaandiki thamani zao za kweli. Wanaandika ndogo, wakipitwa wanaongeza, wakipitwa tena hasira inapanda na wanaongeza tena. Ukiweka dau lako mapema unampa mtu wa namna hiyo siku nzima ya kupambana nalo, na kila anapopambana anakupandishia bei wewe. Ukiliweka zikiwa zimebaki sekunde kumi hivi, hana muda. Alvin Roth na Axel Ockenfels walilichunguza hili kwa kulinganisha minada ya eBay, inayofungwa saa ileile iliyotajwa, na minada iliyokuwa ikiendeshwa na Amazon wakati huo, ambayo ilirefushwa kila dau jipya lilipoingia mwishoni. Makala yao ilitoka 2002. Kwenye eBay watu walikimbilia dakika za mwisho kuliko kule Amazon.

Kwa hiyo soma kanuni za mnada wako kwanza. Minada ya Yahoo ya Japani, ambako wengi tunanunua kupitia wakala, muuzaji anaweza kuweka mnada ujirefushe wenyewe dau likiingia karibu na mwisho. Huko kuvizia hakuna faida, na wakala naye ana masharti yake ya muda.

Lililo muhimu kuliko yote ni namba yenyewe. Tafuta minada iliyokwisha kufungwa ya kifaa hichohicho, uone kilichouzwa kweli kiliishia wapi. Bei wanazoomba wauzaji leo hazikwambii kitu. Toa usafirishaji, ushuru kama upo, na matengenezo. Kinachobaki ndicho dau lako, na uliandike kwenye karatasi ukiwa umetulia. Likipitwa, funga ukurasa. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa mafuta, Capen, Clapp na Campbell, waliandika kuhusu makampuni yaliyoshinda zabuni za vitalu na kupata faida ndogo kuliko walivyotegemea: katika kundi la wanaokisia thamani ya kitu kimoja, anayeshinda huwa ni yule aliyekisia juu kupita wenzake. Amplifaya ya zamani isiyojulikana hali yake ni kitalu cha aina hiyohiyo.

BiKaseti

Fundi na DauMoja nawaheshimu, mimi nina mawili tu.

Kwanza neno "haijajaribiwa". Najua wengi humu wanalikimbia, lakini msilitupe lote. Tazama vitu vingine anavyouza mtu huyo. Akiwa anauza viatu, vyombo, picha za ukutani na deki moja ya kaseti, ni nyumba inayosafishwa, na huenda kweli hana hata waya wa kuiunganisha. Deki zangu nzuri zimetoka kwa watu hao. Akiwa ana amplifaya nyingine nane na zote "haijajaribiwa", huyo anajua kupima, amepima, na ameamua kutokukwambia.

Kwa deki za kaseti lazima ujue kwamba mikanda ya mpira iliyozeeka hulegea au kuyeyuka kama lami, na kwamba kifaa kitasemwa kimekufa wakati mota yake inazunguka salama. Mwulize muuzaji kama anasikia mlio wa mota akibonyeza kitufe cha kupiga. Akisema anausikia ila kaseti haiendi, mimi naweka dau kwa furaha.

Pili ni kufunga mzigo, na hapa nasema kwa uchungu. Vifaa vingi haviuliwi na uzee, vinauliwa njiani. Muuzaji mmoja alinitumia mashine ya santuri na sahani ikiwa juu yake, mfuniko umefungwa, boksi moja na magazeti. Sahani iliruka ikapasua mfuniko na kukunja mkono. Niliandikiwa kwamba ilitoka kwake nzima, na ni kweli ilitoka nzima. Mwandikie muuzaji maelekezo kabla ya kuweka dau, umwambie uko tayari kulipia boksi la pili, na asipokujibu, mwache.

FundiRisasi

Nimerudi. BiKaseti, la kufunga mzigo naliunga mkono kwa mikono yote, nitaliongezea chini.

Advent. Hizi ni spika za Henry Kloss, mbunifu wa Marekani, zilianza kuuzwa 1969, na kwa pesa ndogo zilitoa besi ambayo zilizokuwapo wakati huo ziliitoa kwa bei kubwa zaidi. Wufa yake, ile spika kubwa ya besi, imeshikwa pembeni na duara la sponji, na sponji ile huoza. Hewa na unyevu vinaila, miaka kumi hadi ishirini, inakuwa unga ukiigusa. Kwa hiyo muuzaji akisema ni za asili na hazijaguswa na fundi, ameshakwambia hali yake: sponji imekwisha. Hata kama hakuna aliyezipiga, zimeoza zikiwa kimya ndani ya kabati. Anaiona kuwa sifa, wewe uisome kama gharama ya kazi.

Na ni kazi nzuri. Duara jipya linauzwa, gundi ipo, mtu mwenye subira anaweza kulibandika mwenyewe nyumbani. Ila kuna kitu kinachoweza kuwa kimeharibika bila kuonekana. Mtu akiendelea kupiga spika ambayo sponji imekatika, koili (waya uliozungushwa nyuma ya karatasi) inakosa mhimili, inasugua sumaku, varnishi inachubuka. Mwombe avue vitambaa, apige picha, kisha aweke vidole viwili pande mbili za karatasi ya wufa na kuisukuma ndani taratibu sana. Iende na kurudi kimya. Ikikwaruza, koili imeguswa. Kama ana multimita, hata ya bei ndogo, apime upinzani kwenye vituo vya nyuma: spika ya ohmu 8 huonyesha karibu ohmu 6. Akipata mstari wazi kwenye moja, yaani umeme haupiti, kuna kitu kimekatika. Spika ni kati ya vifaa vichache ambavyo mtu asiye na amplifaya anaweza kukupimia vizuri.

Akikataa kuvua kitambaa, usibishane naye. Hesabu kwamba wufa zote mbili zimekufa, na dau lako liwe la makasha na twita (spika ndogo za sauti nyembamba) tu.

Kuhusu amplifaya, kwa kuwa Sony nimekuvunja moyo, nikupe ninayoweza kuitetea: NAD 3020, ya 1978. Imeandikwa wati 20 kila upande na inasukuma spika kuliko namba hiyo inavyoonyesha, ina pembejeo ya santuri ndani yake, na transista zake za kutolea nguvu ni 2N3055 na MJ2955, ambazo hata leo zinatengenezwa na duka lolote la vipuri linazijua. Ikifa, inafufuka. Na kuna jambo la nyuma yake ambalo limewapatia watu wengi amplifaya nzima kwa bei ya mbovu: kuna vipande vidogo vya chuma vinavyounganisha hatua ya kwanza na hatua ya nguvu, vimechomekwa kwenye soketi za nyuma. Vikipotea, taa inawaka na sauti haitoki kabisa. Ukiona mnada wa 3020 ulioandikwa "inawaka, haina sauti", kuza picha ya nyuma utazame kama vipo. Kama havipo, kipande cha waya kitakachovibadili hakina bei.

SanturiZaMamaMdogo

Wakuu, asanteni sana. Nimewaandikia wote watatu.

Wa Technics amejibu vizuri, ni kijana mstaarabu. Ametuma video. Mkono unaelea na kurudi laini, haukwami. Sindano imevunjika. Nukta kubwa hazisimami, zinatambaa polepole kwenda upande mmoja, na taa ya kijani sijaiona. Amesema pia sauti ya upande wa kulia inakatika akigusa waya.

Wa Advent amesema vitambaa vimebana, anaogopa kuvivunja. Wa Sony amenitumia picha ya bati la nyuma, ni 100 V peke yake, nimemshukuru nikamuaga.

Sasa nukta zinazotambaa ni ugonjwa? Na zile kapasita watu wanazosema, nizibadilishe zote kikifika?

FundiRisasi

Umefanya kazi nzuri, mkuu.

Nukta kutambaa huku taa ya kijani imezimika si ugonjwa. Kitelezi hakijafika katikati, mashine inafanya ilivyoambiwa. Mwombe akisogeze polepole mpaka akisikie kikikwama, arekodi tena. Taa ikiwaka na nukta zikasimama, weka dau bila wasiwasi. Taa ikiwaka na nukta zikaendelea kutambaa, hapo bodi ya kudhibiti kasi ina tatizo, inatengenezeka lakini upunguze dau kwa gharama ya fundi. Upande wa kulia unaokatika kwa kugusa waya ni waya wenyewe, au vituo vya kichwa cha sindano vimepata kutu. Kwangu hiyo ni habari njema, kwa sababu washindani wako wakisoma "upande mmoja unakatika" watarudi nyuma.

Kapasita usizibadilishe zote kwa sababu umesoma mahali. Kapasita ya maji huzeeka kwa joto kuliko kwa miaka: iliyoandikwa saa 2000 kwenye nyuzi 85, kila ukiishusha nyuzi 10 maisha yake yanakaribia kuongezeka mara mbili. Iliyokaa mbali na kifyonza joto inaweza kuwa nzima kabisa, na iliyobanwa kando ya rezista ya moto imekufa zamani. Nakerwa na amplifaya zinazouzwa ghali kwa neno "kapasita zote mpya", nikizifungua nakuta njia za shaba zimeinuka kwa joto la pasi na kapasita za bei rahisi zimewekwa mahali pa nzuri. Mtu akikuandikia hivyo, mwombe picha ya upande wa chini wa bodi. Solda inaonyesha mkono wa aliyeishika.

Kufunga Technics, mwandikie hivi hivi: avue sahani, aifunge peke yake, atoe kichwa cha sindano na uzito wa nyuma, avifunge peke yake, mkono aufunge kwenye kishikio chake kwa uzi laini, si kwa gundi, mfuniko auvue kwenye bawaba na usafiri kwenye boksi lake. Mashine yenyewe ina zaidi ya kilo 12, boksi moja halitoshi, liwe ndani ya jingine na pengo la vidole vinne lijazwe kila upande.

DauMoja

Nami niongeze hapo. Ikifika, washa kamera kabla ya kukata utepe wa boksi, na ipime siku hiyohiyo hata kama umechoka. eBay wanakupa siku 30 tangu mzigo kufika za kulalamika kwamba kitu hakilingani na maelezo, mitandao mingine ni michache zaidi, na malalamiko yote yaende kupitia ukurasa wa mnada. Muuzaji akikuomba mmalizane pembeni, hata akiwa mstaarabu, mjibu kwenye ukurasa uleule. Na hifadhi video aliyokutumia. Ile ni sehemu ya maelezo yake.

SanturiZaMamaMdogo

Ametuma video ya pili: taa ya kijani inawaka, nukta zimesimama kabisa. Amekubali boksi mbili. Dau nimeshaliandika kwenye karatasi. Advent nimeziwekea lile la makasha, zikipitwa basi. NAD 3020 nimeona mbili, moja "haina sauti", nakuza picha sasa hivi.

FundiRisasi

Safi. Ukiipata NAD, usiichomeke ukutani moja kwa moja. Tafuta balbu ya zamani ya nyuzi, ya wati 60 au 100, uiunge mfululizo kwenye waya mmoja wa umeme. Balbu ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, salama. Ikibaki inawaka kwa nguvu, ndani kuna shoti, zima. Ikipita hapo, ichomeke kawaida bila spika, sauti chini kabisa, pima volti za DC kwenye vituo vya spika. Chini ya milivolti 50 unaunganisha spika. Ukikuta volti moja nzima au zaidi, usiunganishe kitu, niandikie hapa na uweke picha ya ndani.

Technics ina waya mwembamba wa ardhi unaotoka peke yake kando ya nyaya za sauti. Uufunge kwenye skrubu ya nyuma ya amplifaya iliyo karibu na soketi za santuri, la sivyo utasikia mngurumo na kudhani umeuziwa mbovu. Mwulize kijana kama upo, maana mara nyingi huwa umekatwa.